Kode ya QR ku Etiketi: Isomeke, Iseme Kweli, Ikuwe Yetu



Mu miezi hii kuna ombi moja lenye linarudia mu mikutano yetu: "Siye pia tunataka etiketi yenye kode ya QR." Wenye asali wanaiomba, wenye bunga ya mahindi wanaiomba, wenye kuzalisha mbegu wanaiomba. Kile kipande kidogo cha viraba vyeusi na vyeupe kimeingia ku sabuni, ku dawa, ku chupa za maji, na sasa watu wanaona kwamba mufuko wenye hauna kile ni mufuko wa zamani.

Mawazo yetu ni haya: kode ya QR ni kitu kizuri, tena haina bei kubwa. Lakini tunaikubali kwa masharti matatu. Isomeke. Iseme kweli. Ikuwe ya kooperative yenyewe, hapana ya mutu mwingine. Kama sharti moja linakosa, heri kooperative iweke makuta yake mu mashini ya kukoboa ao mu turubai za kukaushia mahindi.

Kitu hiki kilitoka wapi

Kode ya QR ilitengenezwa mu mwaka wa 1994 na Masahiro Hara na wenzake mu kampuni Denso ya Japani. Walikuwa wanatafuta njia ya kufuata vipande vya magari mu fabrike, juu kode ya mistari ya zamani ilikuwa inabeba habari kidogo sana. Kampuni ile iliacha watu wote waitumie bila kulipa haki, na mu mwaka wa 2000 ikakuwa kipimo cha dunia nzima, ISO/IEC 18004.

Tunasema hii juu ya sababu moja: kutengeneza kode hakulipishwe. Kuna programu za bure zenye zinaitengeneza kwa dakika moja. Mutu akikuambia kwamba unapaswa kununua "ruhusa ya QR", umuombe akuonyeshe ile sheria. Chenye kinalipishwa ni kazi ya kuchora etiketi, karatasi, wino na kuchapa.

Juu ya nini inatugusa siye wa Lualaba

Tunaishi ku inchi ya shaba na kobalti. Ku barabara N39, kati ya Likasi na Kolwezi, makamio ya madini yanapita muchana na usiku. Chakula nacho, sehemu kubwa inatoka inje: bunga nyingi ya mahindi inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na kule wakifunga kuuzisha inje, bei inapanda mu soko zetu mara moja. Wakati ule njo watu wanakumbuka wakulima wa Lubudi na Mutshatsha.

Lakini wakinunua, wanauliza: "Hii mahindi ililimwa wapi? Karibu na kiwanda? Ilimwagiliwa na maji gani?" Ni ulizo la haki. Mutu mwenye anaishi Manika ao Dilala anaona vumbi, anasikia habari ya mito, na anaogopa kwa ajili ya watoto wake. Tena wachuuzi wengine wanachukua bunga yetu nzuri, wanaichanganya, wanaiuzisha mu mufuko mwingine na meka yenye kupunguzwa. Kazi ni yetu, jina ni la mwingine, faida ni ya mwingine.

Kwa hiyo kutaka alama yenye inasema "hii inatoka kwetu" si kujionyesha. Ni kulinda jasho.

Sharti la kwanza: isomeke

Kode yenye haisomeke ni mapambo tu. Na nyingi hazisomeke, juu ya makosa yaleyale yenye yanarudia. Tupime moja moja.

*Maneno yakuwe machache.* Kila herufi yenye unaingiza inaongeza viraba. Kode ndogo kabisa iko na viraba 21 kwa 21. Kubwa kabisa iko na 177 kwa 177. Tuseme etiketi ya asali iko na nafasi ya santimetre 2.5. Anwani fupi ya intaneti ya herufi 30 inaweza kuingia mu kode ya 29 kwa 29; ukihesabu na ukingo mweupe, kila kiraba kinabaki na milimetre 0.67 hivi. Lakini anwani ndefu ya herufi 200, yenye mutu alikopi tu ku telefone yake, inaomba kode ya 57 kwa 57, na kila kiraba kinashuka mpaka milimetre 0.38. Ku mashini ya kuchapa ya kawaida ya muji, wino unasambaa kidogo, viraba vinashikana, na telefone haione kitu.

*Ukingo mweupe.* Pande zote nne za kode kunapaswa kubaki nafasi nyeupe yenye upana wa viraba 4. Haiko nafasi ya kupotea bure, hapana ya kuandika bei, hapana ya kuweka picha ya nyuki. Telefone inatafuta kwanza ile miraba mitatu mikubwa ya ku pembe. Ukiwekea maandishi karibu, inapotea. Mutu wa kuchapa mara nyingi anakata ukingo ule ili etiketi zikuwe nyingi ku karatasi moja. Mumuambie mbele, na muandike ku bon de commande.

*Rangi.* Nyeusi juu ya nyeupe. Kijani ya giza ao bluu ya giza juu ya nyeupe inaweza kupita. Manjano ya asali juu ya nyeupe haipite. Nyeupe juu ya nyeusi, telefone zingine zinaikataa. Na msichape kode moja kwa moja juu ya mufuko wa kusokotwa: rangi ya mufuko inaingia mu viraba, na nyuzi zinavuta umbo. Kwa mifuko, etiketi ya karatasi ngumu yenye kushonwa ku mudomo, sawa vile wanafanya ku mbegu, inafaa zaidi.

*Ukubwa.* Kuna hesabu moja rahisi: gawanya umbali na 10. Mutu akisoma chupa akiwa nayo mukononi, ku santimetre 20 ao 25, kode ya santimetre 2.5 inatosha. Mufuko wenye uko chini na mutu amesimama ku santimetre 50, muhesabu santimetre 5. Ku chupa ya mviringo, kode pana inapinda na pande zinajificha; muifanye ndogo na anwani fupi, ao muiweke ku kifuniko.

*Nguvu ya kuvumilia uchafu.* Kode iko na vipimo vinne vya kujirekebisha: inaweza kupoteza karibu 7%, 15%, 25% ao 30% na bado ikasomeka. Programu inakupa uchague. Kwa chupa yenye inakaa ku etajere, 15% inaenea. Kwa mufuko wenye unapanda juu ya kamio mu vumbi ya mwezi wa 8, tunashauri 25%. Wengine wanatumia nguvu ile kwa kuweka picha ya kooperative katikati ya kode. Inawezekana, lakini mujue kwamba picha ile inakula akiba yenye ilipaswa kushindana na vumbi. Kwetu siye, picha ikae pembeni.

*Karatasi na wino.* Karatasi ile ya risiti, yenye inachapwa na moto bila wino, inafutika mu jua. Plastiki ya kung'aa sana inarudisha mwanga ku kamera. Asali inatiririka, na karatasi ya kawaida inakunywa. Muombe karatasi yenye haing'ae na yenye inavumilia maji. Na faili yenye mnapeleka kwa kuchapa ikuwe PDF ao SVG, hapana picha yenye ilipita ku WhatsApp: WhatsApp inapunguza picha na viraba vinakuwa na ukungu.

Kiisha yote haya, mbele ya kulipa, mupime. Muchape etiketi 5 tu, ku karatasi ileile, kwa ukubwa uleule. Mubandike. Muziache juma moja ku jua, muzipanguse na mukono wenye vumbi. Kisha muzisome na telefone tatu, na moja ikuwe ya zamani yenye kioo chake kilipasuka. Muzisome muchana na muzisome magaribi. Kama moja inakataa, murekebishe. Kupima etiketi 5 ni bei ya bukari ya siku moja. Kutupa etiketi 5,000 ni musimu muzima.

Sharti la pili: iseme kweli

Mutu anaskani, halafu? Hapa njo makooperative mengi yanasahau. Wanafungua ukurasa wenye video ya dakika tatu na picha za mashamba ya inchi zingine. Muteja wa Kolwezi ananunua mega zake kwa faranga; ukurasa unazunguka-zunguka, anafunga, na hatarudia tena.

Ukurasa mwema ni mufupi: jina la kooperative, kijiji ao teritware, kitu gani, mwezi wa kuvuna, uzito, namba ya kundi, na telefone ya kooperative. Kwa Kiswahili na Kifaransa. Bila video. Ikuwe nyepesi sana, hata ku reseau dhaifu ifunguke.

Tena haiko lazima intaneti. Kode inaweza kubeba maneno matupu: "Asali ya miombo, kundi 14, imevunwa mwezi wa 10, kilo 1." Telefone inasoma na kuonyesha bila mega hata moja. Ubaya wake: ukisha kuchapa, hauwezi kubadilisha neno. Na inaweza kubeba namba ya telefone tu, ili muteja akiskani, telefone yake iulize kama anataka kupiga. Namba ya Kongo yenye kuanza na +243 inaingia mu kode ya viraba 25 kwa 25, hata ukichagua nguvu ya 25%. Kwa kooperative yenye inaanza, hii njo tunapenda zaidi. Muteja anataka kusikia sauti ya mutu wa Lubudi, hapana kusoma hotuba.

Lakini tusisahau mama mwenye iko na telefone ya tochi. Yeye haskani. Kwa hiyo yote yenye iko mu kode, ya lazima iandikwe tena kwa herufi ku etiketi: jina, kitu, uzito, kundi, tarehe, telefone. Kenya walifikiria hii ku mbegu. Kule, shirika la serikali KEPHIS liliweka ku paketi za mbegu kibandiko cha kukwangua. Mukulima anakwangua, anaona namba, anaituma kwa SMS ku 1393, na jibu linarudi likimuambia kama mbegu ile inajulikana. Telefone ndogo kabisa inaweza. Kode ya QR ikuwe musaada juu ya maandishi, isichukue nafasi ya maandishi.

Na kweli yenyewe inaanzia shambani, hapana ku etiketi. Asali yenye maji yanapita 20% haifikie kipimo cha Codex, hata ikiwa na kode nzuri namna gani. Mahindi yenye hayakauke vizuri yanaleta kuvu na sumu yake mu mufuko. Wazee wanasema kizuri kinajiuza, kibaya kinajitembeza. Kode itafanya watu wajue haraka zaidi kama kitu chetu ni kizuri. Itafanya wajue haraka zaidi pia kama ni kibaya.

Sharti la tatu: ikuwe yetu

Hapa tunaomba musome polepole, juu hapa njo makuta yanapotea.

Kuna namna mbili za kode. Ya kwanza inabeba anwani yenyewe, ao maneno yenyewe, ndani ya viraba. Ikisha kuchapwa, hakuna kampuni ya kode yenye inaweza kuizima. Ya pili inabeba anwani ya kampuni ingine, na kampuni ile ndiyo inatuma muteja ku ukurasa wenu. Wanaiita kode ya kubadilika. Iko na faida: mnaweza kubadilisha ukurasa bila kuchapa tena, na mnaweza kuhesabu watu wenye waliskani. Lakini mara nyingi inapewa bure siku chache, halafu inaomba malipo ya kila mwezi, kwa dolari, kwa karte ya banki. Siku kooperative inakosa kulipa, kode inakufa. Na haikufe ku ofisi tu: inakufa ku kila mufuko na kila chupa yenye iko tayari mu nyumba za watu. Muteja anaskani, anaona neno la makosa, ao matangazo ya mutu mwingine. Yeye hatasema "kampuni ilifunga". Atasema "wale ni waongo".

Kwa hiyo, mbele ya kukubali mutu mwenye anakuja kuwatengenezea kode, mumuulize maulizo haya mu mukutano, mbele ya watu wote:

1. Kode inabeba nini ndani yake: anwani yetu, ao anwani ya kampuni yenu?
2. Tukiacha kulipa, itaendelea kufanya kazi?
3. Anwani ya intaneti imeandikwa kwa jina la nani?
4. Faili ya kode, PDF ao SVG, tutapewa siye wenyewe?

Ulizo la tatu linagusa nyumba yetu pia. Mara mingi sim yenye iko ku etiketi ni ya sekretere, na neno la siri liko mu kichwa cha mutoto wake mwenye anajua kompyuta. Siku sekretere anahama ao anagombana na komite, kooperative inapoteza sauti yake. Sim iandikishwe kwa jina la kooperative. Neno la siri liandikwe na lifungwe, na watu wawili walijue.

Vitu vya kutoweka mu kode

Mashirika mengine, hata yenye nia njema, yanapenda kode ionyeshe shamba lenyewe ku karte, na jina na picha ya mukulima. Ku inchi zingine haina shida. Hapa Lualaba tunasema hapana. Kila mutu wa Kolwezi anajua habari ya Kasulo: mu mwaka wa 2014 mutu alichimba mu parseli yake, akakuta kobalti, na mu muda mufupi mutaa muzima ulijaa mashimo, mpaka chini ya nyumba. Udongo wetu uko na macho mengi juu yake, na karatasi za udongo za wakulima wengi haziko nguvu. Kijiji kinatosha. Pointi kamili za shamba, namba ya karte ya elektere, makuta yenye mwanamemba alipata: vyote vibaki mu kitabu cha kooperative, mu armware yenye ufunguo.

Kitabu mbele ya kode

Kuna wenye wanafikiri kode inazuia wizi. Haizuie. Mutu yeyote anaweza kupiga kode picha na kuichapa tena mara elfu. Tuko na mufano karibu. Mu migodi ya kasiterite na koltani, mifuko inafungwa etiketi zenye namba mu mupango wenye kuitwa ITSCI, ili kujulikana inatoka shimo gani. Mu 2022 shirika Global Witness liliandika kwamba etiketi zingine zilikuwa zinafungwa ku madini yenye haikutoka ku migodi yenye kuruhusiwa. Wenye mupango walikataa maneno yale. Siye hatuko waamuzi wao. Lakini fundisho liko wazi kwa kila mutu: nguvu ya etiketi ni ule mutu mwenye anaifunga, na hesabu yenye anaandika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kitabu. Kila kundi namba yake. Mifuko mingapi iliingia, ya nani, siku gani, uzito gani. Etiketi ngapi zilitoka, nani alizichukua, ngapi ziliharibika. Jioni, hesabu ya etiketi na hesabu ya mifuko zikutane. Zikikosa kukutana, kazi isimame mpaka ijulikane juu ya nini. Muteja akipiga telefone na kusema "nina kundi 14 na nina shida", mutu wa kooperative afungue kitabu na ajibu palepale. Jibu lile njo linaleta muteja mara ya pili. Kode ilikuwa mulango tu.

Tunajua kwamba wengine watasema: "Mnatuchelewesha, wenzetu wako na kode tangu zamani." Tunajibu: kooperative yenye kitabu safi itapata kode siku moja. Kooperative yenye kode safi na kitabu kitupu, siku ya malalamiko ya kwanza itajificha.

Tunapendekeza hivi kwa mukutano mukubwa wenye unakuja. Muchague kitu kimoja tu, chenye mnakifanya vizuri zaidi. Muchague watu wawili wa kushika kitabu cha makundi, mwanamuke na mwanaume, na mumoja wao asikuwe mu komite. Muandike kitabu mu musimu huu muzima bila kode. Musimu wenye unafuata, muchape etiketi 100, zenye namba ya telefone ya kooperative ndani ya kode na maandishi yote ku uso. Muhesabu watu wangapi walipiga, na walisema nini. Kisha mukutano uamue kama kuendelea, na kwa makuta gani.

Shaba ya Lualaba inasafiri mbali na hakuna mutu wa kule anajua jina la mwenye alichimba. Mahindi na asali yetu inafika karibu tu, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi. Hapa tunaweza kufanya jina lijulikane. Lakini jina likisha kuandikwa ku mufuko, haliko tena la mapambo: ni ahadi, na ahadi inalipwa kila musimu.